Nyumba Tumeijenga kwa Mikono Yetu, Mbona Ninaogopa Kuhamia?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mshonaji wa nguo mwenye umri wa miaka 35, ninaishi na mume wangu na watoto wetu wawili Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Tulifunga ndoa msikitini, na huu ni mwaka wetu wa 11. Mume wangu ni fundi umeme wa magari katika gereji moja mjini. Ninakuandikia jambo ambalo nimeshindwa kumweleza yeye mwenyewe, na ambalo siwezi kumweleza mama yangu bila kumfanya amchukie mkwewe.

Tumepanga vyumba viwili kwa shilingi 120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kila siku ya kulipa inapokaribia, nyumbani kwetu hapakaliki. Mume wangu anakuwa mkali, analala kidogo, anakopa kwa watu ambao baadaye wanamdharau. Miaka mitatu iliyopita alianza kutazama kwenye simu video za watu wa Marekani wanaojijengea nyumba ndogo sana, wakatumia umeme wa jua na maji ya mvua, na hawadaiwi bili yoyote mwisho wa mwezi. Akaniambia, "Mke wangu, hii nyumba ya vyumba vinne tunayoiota hatutaimaliza mpaka tuzeeke. Tujenge ndogo, tuimalize, tukae kwetu." Sikumpinga. Nilifurahi kuliko hata yeye.

Tulinunua kiwanja cha hatua 20 kwa 20 katika kijiji kimoja wilayani Kisarawe kwa shilingi 3,000,000. Katika hizo, 1,400,000 zilikuwa zangu, mgao wa kikoba niliouweka kwa miaka miwili. Siku ya kuandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa pili wiki mbili tu nyuma, hivyo mume wangu akaenda na kaka yake mkubwa. Mkataba wa mauziano una jina la mume wangu peke yake, na shahidi upande wetu ni huyo kaka. Wakati ule sikuwaza chochote.

Ujenzi umechukua miezi 14 ya Jumamosi na Jumapili. Tulikodi mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ya kufungamana, tukatumia udongo mwekundu wa kiwanja chetu wenyewe, na kila mfuko wa saruji tulitoa matofali kama 70. Mimi nilikuwa nachekecha udongo na kuchanganya, yeye anavuta mkono wa mashine, na binti yetu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa akimwagilia matofali asubuhi kwa kopo la maziwa lililotobolewa chini. Fundi tulimlipa kwa msingi na kozi tatu za kwanza tu, zilizobaki tumepanga sisi. Nyumba ni mita 6 kwa 5: vyumba viwili vidogo na sebule, jiko liko nje chini ya kibanda. Dada zangu wanaiita banda la kuku, lakini mimi nikiitazama moyo unajaa.

Tumepaua mwezi wa sita. Sakafu na plasta bado, gata bado, tangi bado. Madirisha yana nyavu na mbao tu. Shimo la choo limechimbwa lakini kuta hazijainuliwa. Mume wangu ameshanunua paneli mbili za wati 200, betri ya maji ya ampea 200 na inveta ya wati 1,000. Kodi yetu inakwisha tarehe 30 Septemba, naye amesema hatalipa hata shilingi moja zaidi. "Tuhamie hivyo hivyo, mengine tutamalizia tukiwa ndani. Tangi la lita 5,000 litatutosha, mvua za vuli ndizo hizo zinakuja." Ni kweli kwamba watu wengi huhamia kwenye pagale ili kuikimbia kodi, wala si jambo la ajabu.

Lakini kutoka kiwanjani hadi barabara ya lami ni kilomita tatu, na bodaboda ni shilingi 2,000 kwa safari. Nguzo ya umeme ya mwisho iko karibu na shule, kama kilomita moja kutoka kwetu. Majirani wachache waliopo hununua maji ya kisima kwa shilingi 500 kila dumu. Mume wangu ataondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Mimi kazi yangu ninaifanya hapa kibarazani, napata kama shilingi 250,000 kwa mwezi, na zaidi karibu na Idi na shule zinapofunguliwa. Yeye anasema wateja wazuri watanifuata, na wasiponifuata nitafuga kuku.

Kisha mama yangu akaniuliza, "Unakwenda kukaa porini kwa jina la nani?" Tangu siku hiyo sipati usingizi. Nilimgusia mume wangu kwa utani kwamba siku hizi karatasi za viwanja zinaandikwa majina mawili. Akaacha kula, akasema, "Kumbe tunajenga na hesabu ya kuachana?" Alinyamaza siku mbili. Sijalirudia tena.

Mama Mshauri, mimi si mwanamke wa kupenda mji kwa ajili ya taa. Nimebeba udongo kwa kichwa nikiwa na mtoto mgongoni. Nikisema sitaki kuhamia, ninajiona msaliti. Nikihamia nikiwa na moyo huu, ninaogopa nitaichukia nyumba niliyoijenga mwenyewe. Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Gongo la Mboto

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini. Anayeikimbia nyumba yake hakumbuki kitu kama hicho. Kwa hiyo neno msaliti naomba uliweke pembeni tangu mwanzo, kwa sababu likikaa mezani kila swali la haki utakaloliuliza litaonekana kama kosa unalojitetea.

Nieleze nilivyokuelewa. Ninyi wawili mmejenga kitu ambacho wengi wanaishia kukizungumza tu, na sasa tarehe ya kodi inawasukuma kukiingia kabla hakijawa tayari. Wewe umeshika hofu tatu kwa mkono mmoja: nyumba haijaisha, kazi yako haina mahali ndani yake, na karatasi ya kiwanja haina jina lako. Ukijaribu kuitaja moja, mume wako anasikia zote tatu kwa pamoja, naye anajibu ile inayomuuma zaidi. Mimi ningependa tuzitenganishe, kwa kuwa ya kwanza inaponywa kwa saruji na miezi michache, lakini mbili zilizobaki haziponi kwa kumalizia sakafu.

Kuhusu udogo wa nyumba sina neno la kukutisha. Huko Marekani, nyumba inayoitwa ndogo sana ni ile isiyozidi mita za mraba 37, na watu huifuata kama njia ya kujitoa kwenye mikopo mirefu ya nyumba kubwa. Yenu ni mita za mraba 30, na kwetu sisi chumba na sebule ndipo wengi walipoanzia maisha, wakaongeza chumba kimoja kimoja kadiri Mungu alivyowajalia. Dada zako waache waseme. Ila kuna jambo ambalo kuta haziwezi kulionyesha, nalo ni saa za mchana. Nyumba isiyo na bomba wala nguzo huendeshwa na mtu, na ninavyoona, mtu huyo ni wewe. Mume wako atakuwepo kuanzia saa mbili usiku, taa zikiwa zimeshawaka. Sijaona popote katika barua yako kwamba ninyi wawili mmekaa mkaizungumza siku yako kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka hapo.

Tuanze na maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nikikadiria kwamba bati lenu, pamoja na sehemu zinazozidi ukuta, ni mita za mraba 42, na mwaka wa kawaida wa ukanda wenu unaleta milimita 1,000 au zaidi kidogo, basi paa linapokea kama lita 42,000. Toa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kuruka, kukauka juu ya bati na yale maji machafu ya mwanzo ambayo lazima yaachwe yamwagike ili yasafishe paa, mnabaki na takriban lita 33,600. Watu wanne wakitumia lita 30 kila mmoja kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, mnahitaji lita 43,800 kwa mwaka. Pengo ni la lita 10,000 na zaidi, ambazo kwa bei ya dumu uliyoitaja ni kama shilingi 255,000, na hapo nimechukulia kwamba hakuna tone linalofurika tangi likijaa. Tangi litafurika, mwanangu. Masika ya Machi hadi Mei yatalijaza mara nyingi na kumwaga, halafu kuanzia Juni mpaka vuli ishike vizuri mwezi wa Novemba ninyi mtakuwa na lita 5,000 zinazowatosha siku 41.

Sisemi kwamba maji ya mvua ni ndoto. Watu wa visiwani na wa mwambao wamejenga mabirika na kuyatumia tangu zamani, na maji ya paa safi, yaliyohifadhiwa vizuri na kuchemshwa kabla ya kunywa, ni neema kubwa. Ninachosema ni kwamba tangi moja haliwatoshi, na kwamba vuli ambayo mume wako anaitegemea itapita bure kama gata halijafungwa. Katika vyote mlivyobakiza, mimi ningeuliza kama gata na tangi visitangulie mbele ya plasta. Na ningeuliza swali lingine ambalo fundi hawezi kulijibu: siku tangi litakapokauka mwezi wa nane, nani atakayepanga maji, nani atakayesubiri boda, nani atakayebeba?

Umeme ni mahali ambapo mume wako anajua kuliko mimi, na hilo ni jambo la kumshukuru. Yeye anafahamu kwamba betri ya maji ya ampea 200 kwa volti 12 ina wati-saa 2,400 kwa jina tu, na kwamba ukiivuta kila siku chini ya nusu inakufa mapema. Mnabaki na wati-saa 1,200 za usiku. Balbu tano za wati saba kwa saa tano ni 175, televisheni ndogo ya wati 50 kwa saa nne ni 200, feni ya wati 50 kwa saa nane ni 400, na simu kidogo juu yake. Mfumo huo unawatosha kwa kuishi, hongereni. Lakini wewe ni mshonaji. Pasi ya umeme ya kawaida hula wati 1,000 na kuendelea, kwa hiyo inveta yenu ya wati 1,000 ama itakataa kuiwasha ama itateseka, na hata ikikubali, saa moja tu ya pasi iliyo moto muda wote inakula karibu sehemu yote ya betri mnayoruhusiwa kuigusa. Mchana wenye jua kali paneli zingesaidia, ila masika mawingu yakitanda siku tatu mfululizo hata taa zitahesabiwa. Ajabu ya nyumba ya namna hii ni kwamba miezi yenye maji tele ndiyo yenye jua haba, na miezi yenye jua tele ndiyo inayokausha tangi.

Dawa zipo. Cherehani ya miguu haihitaji umeme. Pasi ya mkaa bibi zetu waliitumia mpaka wakaoza watoto, ingawa mkaa una gharama yake na cheche moja kwenye gauni la harusi ya mtu ni deni. Kuna injini za cherehani za kisasa zinazotumia umeme mdogo, na mumeo anaweza kupiga hesabu ya kuongeza paneli na betri ya lithiamu, ambayo ni ghali kununua lakini huvumilia kuvutwa zaidi na hudumu zaidi. Kinachonishangaza ni kwamba katika mipango yote ya miezi 14 vifaa vimehesabiwa kwa balbu na televisheni, na kazi inayoingiza shilingi 250,000 nyumbani haikupewa hata tundu moja ukutani. Sidhani ni dharau. Mara nyingi kazi inayofanywa kibarazani, katikati ya kupika na kunyonyesha, haionekani kama kazi hata machoni pa yule anayeila, na wewe mwenyewe umeitaja mwishoni mwa barua, baada ya nguzo na madumu.

Hapo ndipo ningekuomba upige hesabu nyingine kwa utulivu. Kodi mtakayookoa ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Bodaboda ya mume wako, kwenda na kurudi kwa siku 26, ni shilingi 104,000. Hapo hamjaweka madumu wala wateja utakaowapoteza. Inawezekana nimekosea mahali, pengine ana rafiki wa kupanda naye au atatembea hizo kilomita tatu, lakini ikiwa hesabu ni hiyo, basi kuhamia tarehe 30 Septemba hakutawapa ahueni ya fedha ambayo mume wako anaitarajia, na ni heri aligundue hilo mezani pamoja nawe kuliko aligundue mwezi wa kumi na mbili akiwa na hasira. Nakuomba pia usiichukue hesabu hii kama rungu. Mwanamume anayebadilika kila kodi inapokaribia ana jeraha, na jeraha lake ni kudaiwa mlangoni mbele ya watoto. Hilo halionekani kwenye jumla yangu, na lina uzito wake.

Sasa jina. Mama yako aliuliza swali la kweli kwa maneno makali, na wewe ukalifikisha kwa utani, kisha mume wako akasikia talaka. Nadhani wote watatu mlikuwa mnaogopa. Lakini tujiulize, je, karatasi yenye majina mawili ni maandalizi ya kuachana tu? Mimi naona inahusu zaidi kifo, ambacho hakiombi ruhusa ya mtu. Mume wako akitangulia leo, mkataba unasema kiwanja chote ni chake, na shahidi wa upande wenu ni ndugu yake. Kwa dini yenu, mke mwenye watoto hurithi thumni, sehemu moja ya nane ya mali ya marehemu. Shilingi 1,400,000 zako na miezi yako 14 haviko katika mali ya marehemu, ni vyako, lakini nani atakayesimama kulisema hilo, na kwa ushahidi gani? Nina hakika mume wako hajawahi kulitazama upande huo, kwa sababu ni upande unaohusu yeye kuwalinda ninyi.

Sheria haikukuacha mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, sembuse wewe uliyechekecha udongo na kutoa fedha za kikoba. Hata hivyo hizo ni ngao za mahakamani, na wewe hutaki kufika huko. Kuna njia ya mapema zaidi, ambayo pia inamfaa mume wako. Ikiwa kiwanja chenu kiko katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa ardhi uidhinishwe na halmashauri ya kijiji, na saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi kuwa idhini hiyo. Ni vyema mkaulize kama mauziano yenu yalipitishwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kama hayakupitishwa, hatari hiyo ni ya kwenu wote wawili, na mnayo sababu ya kurudi kijijini pamoja, kurekebisha karatasi na kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo mume na mke wanaweza kuiomba kwa majina yao wote. Safari hiyo mnaweza kuianza bila mtu yeyote kumtuhumu mwenzake.

Umeniuliza ufanyeje, na mimi sitakuambia uhame au ubaki, kwa kuwa siishi na huyo bwana na siijui njia ile wakati wa mvua. Naweza kukueleza ninavyoziona njia zilizo mbele yenu. Mkihamia Septemba, mtapata furaha ya kwenu na presha ya kodi itakwisha, na wengi wamemalizia nyumba zao kwa njia hiyo. Lakini pagale lina tabia ya kuzoeleka, fedha ya plasta hugeuka kuwa fedha ya madumu, na choo kisicho na kuta si jambo la kusubiri hata wiki moja kwa binti wa miaka tisa. Mkimwomba mwenye nyumba awaongezee miezi mitatu badala ya sita, mtamalizia choo, gata, milango na madirisha ya kufungika, na binti atamaliza muhula wake pale alipo. Hatari yake unaijua: fedha hiyo itatoka wapi, na mume wako ataipokea vipi baada ya kuapa kwamba halipi tena.

Kuna wanaochagua mume atangulie, alale kiwanjani, alinde paneli na kumalizia kazi jioni, mke na watoto wakifuata baadaye. Hilo linapunguza hofu ya wizi na linaharakisha ujenzi, ila kodi ya mjini inabaki pale pale, na miezi miwili ya kutengana, kwa watu ambao tayari wana jambo wasiloweza kulizungumza, inaweza kuwa mirefu sana. Wengine huhamia na kuiacha kazi ya mke mjini, kwa kushirikiana fremu na mshonaji mwenzake karibu na kituo cha daladala. Ungeokoa wateja wako, lakini ungeongeza nauli yako juu ya ile ya mume, na mtoto wa miaka mitatu angehitaji mtu. Hata nguzo iliyo kilomita moja naomba msiifute kabisa. Kwenda ofisi ya umeme ya wilaya kuuliza kama kuna mpango wa kuisogeza hakugharimu kitu, na mume wako hatakuwa ameshindwa kwa kuuliza. Sola yake itabaki kuwa na kazi siku zote ambazo umeme wa nguzo utakatika.

Kabla ya kuchagua lolote, ningependa uliondoe neno moja katika mazungumzo yenu, nalo ni "ninaogopa". Kwa mume aliyechoka, neno hilo lina maana moja tu, kwamba humwamini. Badala yake mwombe msaada wa ufundi. Mwambie, "Mume wangu, nisaidie kupanga siku yangu kule," kisha mwandike kwenye daftari, saa kwa saa: nani anawasha moto, nani anampeleka binti shule na kwa njia ipi, maji yanafika saa ngapi, cherehani inakaa wapi, mteja anafikaje, mtoto akipata homa saa tisa mchana unampigia nani na boda yupi anapatikana. Fundi mzuri anapenda tatizo lenye vipimo. Umempa hofu akaikataa, mpe hilo daftari uone. Na ukiwa naye hapo, muulize jambo ambalo barua yako imelikwepa: je, anazo fedha za kuongeza hata miezi mitatu na anakataa kwa kiapo, au hazipo na anaona aibu kukuambia? Majibu hayo mawili yanataka huruma ya namna mbili tofauti.

La jina usiliseme siku hiyo hiyo. Lipe siku yake, wakati amepumzika, bila utani na bila kumtaja mama yako. Mwanzie kwenye watoto na thumni, na kwenye saini ya mwenyekiti isiyotosha, umwache aifikie mwenyewe karatasi ya majina mawili. Akiipokea vibaya tena, usiinue sauti wala usilifute ulilosema. Mnaye shehe aliyewafungisha ndoa, na huenda mnaye mzee mmoja upande wa mume anayeaminika na wote wawili. Ikiwa baada ya watu wa busara kuzungumza naye bado atakataa hata kulisikiliza, hapo utakuwa umejifunza jambo kuhusu hali yenu ambalo sasa huna, na itakuwa sahihi kulipima kabla ya kuhamisha vyombo. Mimi leo siwezi kulitabiri, na hasira ya siku mbili haitoshi kumhukumu mtu wa miaka 11.

Jambo la mwisho ni dogo. Ninyi mnaijua nyumba hiyo kwa Jumamosi na Jumapili, mkiwa wote wawili, mkiwa na jasho na vicheko. Hamjawahi kuiona Jumanne. Kabla ya tarehe 30, inueni hata kuta za choo za muda, mwombe mume wako achukue siku chache za mapumziko, mlale kule usiku wa Jumatatu hadi Ijumaa, familia nzima. Jumanne na Jumatano yeye aende kazini kama atakavyokwenda siku zote na kurudi saa mbili usiku, wewe ubaki. Alhamisi mbadilishane: wewe uende mjini kwa wateja, yeye abaki na watoto, maji na jiko. Beba cherehani, beba pasi, beba nguo tatu za wateja zenye tarehe ya kukabidhiwa, na umwambie binti yako achukue lile kopo lake la maziwa.